Kabla ya Kupiga Sururu

Bukavu, mashariki mwa Kongo, shimo lililofunguliwa mwezi wa Novemba halifungiki kirahisi. Mvua zetu huanza Septemba na haziachi mpaka Mei, na sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya miteremko ya udongo mwekundu ambao ukishiba maji unatembea. Fundi wa mabomba anayepiga sururu uani kwa mtu, akitafuta mahali bomba lilipopasuka, anaifungulia mvua njia ya kuingia chini ya nyumba, nyuma ya ukuta unaozuia udongo, na mwishoni kwa jirani anayekaa upande wa chini. Nimeona ukuta wa mawe uliosimama tangu enzi za Wabelgiji ukipinda ndani ya msimu mmoja kwa sababu ya mtaro wa kutafutia tu, ulioachwa wazi huku watu wakingoja pesa za saruji. Bomba lilipofikiwa, pale halikuwa na ugonjwa wowote.

Ndiyo maana huwa nacheka kidogo mtu akiniambia kamera ya mabomba, ile inayoingizwa ndani ya bomba kutafuta palipoharibika kabla ya kuchimba, ni anasa ya Wazungu. Kwenye mji tambarare, labda. Huko ukichimba mahali pasipo unapoteza jasho na mshahara wa vibarua. Huku kwetu unaweza kupoteza kipande cha kilima, na kilima hicho mara nyingi kina nyumba ya mtu juu yake na ya mwingine chini yake.

Kazi hii nilifunzwa mtaani Kadutu na mzee ambaye hakuwahi kuwa na kifaa zaidi ya waya wa chuma, ufito wa mwanzi na sikio lake. Alimwambia mtoto wa nyumba amwage ndoo chooni, yeye amelala kifudifudi juu ya chemba, lile shimo dogo lenye kifuniko la kukagulia bomba, anahesabu kimoyomoyo. Maji yakichelewa kufika, alijua. Yakifika machache kuliko yaliyomwagwa, alijua pia. Nyumba nyingi alizipatia. Zilizomsumbua ni zile za zamani za Ibanda, huko Muhumba, Nguba na kwenye rasi ya La Botte, ambako mchoro wa mabomba uliondoka na aliyeyalaza, na kila aliyekaa humo baadaye ameongeza kitu chake: bafu la pili, kibanda cha mlinzi, jiko la nje, gereji. Sauti ya maji inakuambia kuna shida. Haikuambii shida iko chini ya nini.

Kamera tulichanga mafundi kadhaa, akatuletea mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akifuata bidhaa Dubai. Ni ufito mrefu wa nyuzi za kioo uliozungushwa kwenye gurudumu, mbele una kichwa cha chuma chenye unene wa milimita 23, taa ndogo zimekizunguka, na nyuma kuna skrini yenye namba zinazohesabu mita kadiri ufito unavyoingia. Hicho ndicho watu wanachokiona na kukistaajabia. Kifaa ambacho wengi huacha kukinunua kwa kubana pesa, nami nasema wanakosea, ni kile kipokezi cha mkononi. Ndani ya kichwa cha kamera kuna kisambaza mawimbi, kwa kawaida cha 512 Hz. Kichwa kikiwa chini ya ardhi, unatembea juu na kipokezi mpaka sauti inapokuwa kubwa kuliko kwingine, unapiga chaki, na kinakukadiria kina pia. Bila hicho, skrini itakuambia "mita 11" nawe hujui mita 11 kwenda wapi, maana bomba chini ya ardhi halikuahidi kwenda moja kwa moja.

Nyumba iliyonifundisha zaidi iko Muhumba. Ilijengwa miaka ya 1940, mji ulipokuwa bado ukiitwa Costermansville. Paa la vigae, veranda ya mawe, mlimau uani, na mwenye nyumba ni mama aliyestaafu ualimu ambaye avenyu nzima inamwita Mama Mwalimu. Choo chake kilikuwa kinarudisha maji kila mvua inaponyesha. Wakati huohuo, jirani wa upande wa chini alikuwa na ukuta wa chumba cha kulala unaolowa na kunuka, na kila Jumapili baada ya kanisa alipanda kuja kulalamika.

"Mwanangu, hapa wamechimba mpaka nimechoka," Mama Mwalimu aliniambia tukiwa bado getini. "Kila fundi anakuja na sururu yake, anaondoka na pesa yangu."

Mashimo yalikuwa yanaonekana: moja karibu na ukuta wa mpaka, moja kando ya fosi septiki, yaani tangi la ardhini la maji ya choo, moja chini ya mlimau. Kila fundi alikuwa amechimba pale maji yalipojitokeza, au pale alipodhani yanatokea. Jirani, mzee mwenye heshima zake, naye alikuwa amefika, fimbo mkononi.

"Hii njo fosi yake imejaa," alisema. "Mimi sina haja na sinema. Achote fosi, basi."

"Ilichotwa, Papa," Mama Mwalimu akajibu. "Mwaka jana. Ulikuwepo, na ulilalamikia harufu ya gari."

Neno hilo ndilo lililonifanya niache kamera ndani ya sanduku kwanza. Tuliondoa kifuniko cha fosi, tukakaa mbali mpaka hewa mbaya ikatoka, kisha nikamulika kwa tochi. Maji yalikuwa chini sana. Wengi hawajui kwamba fosi septiki iliyo nzima hujaa. Huo ndio utaratibu wake: inajaa mpaka kwenye tundu la kutokea, kinyesi kinatua chini, mafuta yanaelea juu, na maji ya katikati yanatoka kwenda kwenye shimo la kuyapoteza ardhini. Ikichotwa, nyumba yenye familia huirudisha kwenye kimo hicho bila kuchukua muda mrefu. Sasa hapa palikuwa na nyumba yenye mama, wajukuu na wapangaji kwenye chumba cha uani, na fosi ilikuwa na maji kidogo kana kwamba watu walihama. Ama fosi ilikuwa imepasuka chini, ama maji ya choo hayakuwa yakifika. Mtu akikuambia fosi yake "ni nzuri sana, haijai kabisa," usimpongeze haraka.

Ndipo tukafungua chemba iliyo nyuma ya jiko. Tuliisafisha kwanza, tukasukuma bomba kwa waya na kulisuuza kwa mabidoni ya maji, kwa sababu kamera inayoingia kwenye tope inaona tope. Regideso, shirika la maji, ilikuwa haijaleta maji siku hiyo, kwa hiyo vijana walibeba kutoka kwenye tangi la mvua. Hii ni hesabu ambayo mteja hafikirii: kabla sijaja na kamera nauliza kama kuna maji ya kutosha ya kumwaga. Bomba kavu halisemi mengi.

Mita za mwanzo zilikuwa nzuri hata mimi nikashangaa. Bomba la udongo uliochomwa, ndani limepakwa ule utelezi wa kahawia wa kiwandani, linang'aa bado. Ukingo wa kila kipande unapita mbele ya taa, kimoja baada ya kingine, kwa maana mabomba ya aina hiyo yalikuwa mafupi, na vipande vifupi maana yake ni maungio mengi. Kufika mita 7 maji yakaanza kupanda kwenye kioo. Mbele kidogo kamera ikazama kabisa, tukabaki tunaangalia rangi ya chai na mapovu. Kisha ikaibuka. Mafundi tunasema hapo bomba lina tumbo: limekaa chini kuliko linakotoka na kuliko linakokwenda, maji yanalala humo. Na kwenye mita 11 duara likageuka mwezi wa siku ya saba. Nusu ya shimo ilikuwa bomba linaloendelea, nusu nyingine ilikuwa udongo mwekundu mtupu. Kipande cha mbele kilikuwa kimeshuka, cha nyuma kimebaki.

Nikaacha kichwa cha kamera hapohapo, nikazunguka na kipokezi. Sauti ilinipeleka mbali na mashimo yote, nikapita mlimau, nikapita fosi yenyewe kwa ubavuni, nikasimama ndani ya gereji. Gereji hiyo ilijengwa na mtoto wa Mama Mwalimu anayefanya kazi Kinshasa, ili ipangishwe. Sakafu nzito ya zege, gari la mpangaji juu yake, na chini yake bomba ambalo halikuwahi kuwekwa kwa ajili ya kubeba kitu zaidi ya nyasi.

Maji yaliyopotelea pale yalikuwa hayapandi juu, maana zege ilikuwa imefunika. Yalifuata mtaro uleule ambao Wabelgiji walichimba kulaza bomba, maana udongo wa kurudishia haushikani kama ule ambao haujaguswa, yakateremka nao, yakatokea kwenye ukuta wa jirani, mita nyingi kutoka lilipovunjika bomba. Mvua ilipokuja, mambo yaligeuka: maji ya ardhini yaliingia kwa tundu lilelile, bomba likajaa, choo kikarudisha. Dalili mbili zilizowagombanisha watu wawili zilikuwa zinatoka kwenye ufa mmoja.

Nilimwita yule mzee jirani aangalie skrini. Alivaa miwani, akainama, akakaa kimya.

"Basi si fosi," alisema.

"Si fosi, Papa. Fosi haijapata hata maji ya kunywa."

Hakuomba radhi, na Mama Mwalimu hakumdai. Swali lake la pili lilikuwa nani atalipa ukuta wake, nalo halikuwa swali la fundi.

Hatukuvunja gereji. Tuliacha bomba la zamani lilale, tukaziba ncha zake mbili kwa saruji, tukapitisha jipya la PVC la milimita 110 kulizunguka jengo, lenye maungio ya mpira, tukaongeza chemba kwenye kona. Mtaro ulikuwa mmoja, tulijua unapoanzia na unapoishia, tukaufungua asubuhi ya jua na kuufunika kwa karatasi ya plastiki kila jioni. Maungio ya mpira ni jambo ninalolisisitiza mpaka wateja wananiona msumbufu. Yale ya zamani yalizibwa kwa saruji, na saruji haijui kukubali. Ardhi ikisogea kidogo tu, inapasuka.

Na ardhi yetu inasogea. Mji huu umekaa kwenye bonde la ufa, ukingoni mwa ziwa Kivu pale linapomwagikia mto Ruzizi. Watu wazima wote wa hapa wanakumbuka Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipotukuta asubuhi. Baada ya siku zile kazi ya waashi ilikuwa nyingi: nyufa za kuta zikazibwa, rangi ikapakwa, vigae vikarudishwa. Sijawahi kukutana na mwenye nyumba aliyesema wakati ule aliangaliza pia mabomba yaliyo chini. Nikiingiza kamera kwenye nyumba za rika la ile ya Mama Mwalimu na kukuta maungio yamepasuka kwa mviringo, moja baada ya jingine kwenye mstari uleule, sisemi "ni tetemeko," kwa sababu mteremko nao hufanya kazi yake taratibu kila msimu, na kamera haioneshi tarehe. Ila nauliza: baada ya 2008 choo kilianza lini kusumbua? Majibu huwa ya kufanana.

Mizizi ni habari nyingine. Watu huniambia mti umevunja bomba. Mara nyingi mti umekuta tayari bomba linavuja. Uzi mwembamba unaingia kwenye ufa kufuata unyevu, hasa kiangazi cha Juni mpaka Agosti, ukikuta maji na mbolea unanenepa, na baada ya miaka unaona kwenye skrini ndevu zilizojaa bomba zima, karatasi na vitambaa vimenaswa humo. Waya wenye kisu unazikata vizuri. Mteja anafurahi, analipa, na mizizi inarudi kwa sababu ufa haujaguswa. Parachichi na mikaratusi ndiyo ninayoikuta zaidi. Mtu akikata mti mzima kwa hasira na kuacha ufa ulivyo, amepoteza kivuli na matunda bure. Na kwenye mteremko, mizizi ileile ilikuwa inasaidia kushika udongo.

Kuna nyumba ambazo kamera haikuti kitu kilichovunjika, na hizo ndizo ngumu kueleza. Kila mama wa Bukavu anajua chupa ya mawese asubuhi: imeganda, inabidi isogezwe karibu na moto. Sasa mafuta hayohayo, yaliyooshwa kwenye sufuria ya sombe kwa maji ya uvuguvugu, yanaingia kwenye bomba lililolala chini ya udongo baridi wa mji ulio mita 1,460 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Yanaganda kwenye kuta. Ongeza jivu na mchanga wa kusugulia sufuria, ongeza mabaki ya bugali. Nimeona bomba la milimita 100 likiwa limebaki na tundu la kupitisha kidole gumba, na skrini ilikuwa ya rangi ya chungwa mwanzo hadi mwisho. Hakuna cha kuchimba pale. Kuna maji ya moto, waya, subira, na mazungumzo na wapika chakula wa nyumba, ambayo kwa kweli huwa marefu kuliko kazi yenyewe.

Jingine ni maji yenyewe. Vyoo vya nyumba hizi viliwekewa matangi makubwa ya kuvutia, maji mengi kwa mkupuo mmoja, na mabomba yakalazwa kwa hesabu hiyo. Leo maji yakikatika, na yanakatika, mtu anamwaga kopo moja akihurumia bidoni aliyopandisha nayo kilima. Kinyesi kinasogea mita chache, kinakaa. Kinachofuata kinakutana nacho. Kwenye kamera unaona vituo, utadhani kuna mtu alivipanga. Ushauri wangu ni wa kawaida kabisa: maji ya kufulia na ya kuogea yasitupwe uani, yawekwe kando, na mara moja kwa siku yamwagwe chooni ndoo nzima kwa pamoja. Wateja wengine hukunja uso kwa sababu walitarajia kulipia ushauri mzito zaidi.

Kisha kuna mabomba ya watu. Nyumba iliyojengwa kwa familia moja leo ina warithi watatu, wapangaji wao, na pengine parseli imekatwa na kuuzwa vipande. Nyawera niliitwa kwenye nyumba ambayo fosi yake ilikuwa inajaa kupita kiasi, kinyume cha ile ya Muhumba. Niliingiza kamera, nikaona ubavuni mwa bomba tundu lililotobolewa kwa patasi na bomba jingine limechomekwa, saruji imepakwa ovyo. Nikaomba watu wote wa nyumba wafunge mifereji na wasitumie choo. Tukakaa tunaangalia skrini. Tundu likaendelea kutoa maji yenye povu la sabuni. Walikuwa ni watu wa juu, wenye nyumba ya kupangisha vyumba, waliounganisha maji yao ya kufulia miaka mingi iliyopita. Inawezekana kabisa hata wenye nyumba wa sasa hawakujua.

Hapo nilijiwekea kanuni. Video ni ya aliyeniita. Siitumi kwa jirani, siioneshi mtaani, siweki maneno yangu ndani yake. Naandika kwenye karatasi kilichoonekana na mita ngapi, naacha neno "nani" kwa chifu wa avenyu au kwa wanasheria. Mwenzangu mmoja hukasirika, anasema tunawaachia watu wabaya. Mimi najua kwamba kesho yake nitapita avenyu ileile na sanduku langu.

Kanuni ya pili inatokana na ujanja ambao umeshaingia kwenye kazi hii. Kuna mafundi wanaobeba video ya bomba bovu ndani ya simu na kuionesha kwenye nyumba yoyote. Bomba la ndani ni giza na duara, nani atalitofautisha? Kwa hiyo mwombe fundi aanze kurekodi akiwa nje: mlango wa nyumba, sura yako ukitaka, kisha chemba ikifunguliwa, kisha kamera iingie bila kukata picha, na namba za mita zionekane mpaka mwisho. Asiyetaka kufanya hivyo mshukuru na umfungulie geti. Na wakati kamera inarudi nyuma, mwambie aivute polepole, kwa sababu nyufa ndogo huonekana vizuri zaidi wakati wa kurudi kuliko wa kwenda.

Kamera nayo ina upofu wake. Haioni nje ya bomba. Udongo unaweza kuwa umeoshwa na kubaki pango chini ya sakafu, na picha ikaonesha ufa mdogo usiotisha. Ikizama kwenye tumbo lenye maji haikuambii kama sehemu ya chini imepasuka; inabidi kunyonya maji yale kwanza, au kuziba ncha moja ya bomba, kulijaza, na kuangalia kama kimo kinashuka. Inaonesha kwamba bomba limelala vibaya lakini haipimi mwinamo. Kwa hilo narudi kwenye mpira wa maji wa waashi, nikipima kutoka chemba hadi chemba, nikitafuta angalau sentimita 1 ya kushuka kwa kila mita, 2 ni bora. Mzee wangu wa Kadutu angefurahi kujua kwamba bado natupa ndoo na kuhesabu kabla ya kugusa kitufe chochote. Ndoo inaniambia kama kuna sababu ya kuingiza kamera. Mara nyingine hakuna.

Kuhusu afya nitasema kwa ufupi, si kwa sababu ni jambo dogo. Mtu asishuke ndani ya fosi, hata iliyochotwa, hata kuokota simu. Gesi iliyomo huangusha mtu kabla hajaita, na anayemfuata kumwokoa humfuata kweli. Mabomba ya kijivu ya saruji yenye asbesto, ambayo bado yapo kwenye nyumba za kale, yasikatwe kwa mashine yakiwa makavu, maana vumbi lake ni ugonjwa wa mapafu wa miaka ijayo. Yaloweshwe, yakatwe kwa msumeno wa mkono, au bora yaachwe ardhini na jipya lipite kando. Ufito wa kamera nao unafutwa kwa kitambaa chenye javeli, dawa ya kuua vijidudu, unapotoka, sentimita kwa sentimita, kabla haujaingia kwenye gurudumu. Kipindupindu si mgeni Kivu.

Siku hizi wananiita pia wanaotaka kununua. Mume na mke walipenda nyumba Nguba, karibu na maji, bustani nzuri, bei ya kuvutia. Muuzaji alionesha kifuniko cha fosi chenye maua juu yake. Kamera ilipita chini ya maua hayo bila kukuta fosi yoyote ikaendelea kuteremka, bomba la chuma lililoliwa na kutu upande wa chini, mpaka mwanga wa mchana ukaonekana mbele. Lilikuwa linatoka kwenye mawe ya ufukweni. Kifuniko kilikuwa cha kisima kikavu. Hawakuacha kununua, walipunguziwa bei ya kujenga fosi, na waliijenga kabla ya kuhamia. Nilihakikisha kwa sababu watoto wa mtaa ule huchota maji hatua chache kutoka hapo.

Nyumba niliyo nayo mkononi sasa iko Nyawera pia, ya ndugu wanne. Kamera imeonesha ungio lililoachana chini ya ngazi za mbele, na juu ya ngazi hizo kuna ukuta wa mawe ulioanza kuinama. Kaka mkubwa anataka tuchimbe leo. Nimekataa kufungua udongo chini ya ukuta ule mvua zikiwa zinanyesha. Tumeweka bomba la muda juu ya ardhi kutoka chemba ya jikoni hadi kwenye fosi, na binti yake anapima kila Jumamosi umbali kati ya misumari miwili tuliyoipigilia pande mbili za ufa wa ukuta, anaandika kwenye daftari. Mtaro tutaufungua Juni, kama mdogo wao wa Lubumbashi atakuwa ametuma sehemu yake.